Kabati la Mwalimu Lumb

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Chai. Azimio.

Kuanzia leo naandika kila kitu. Si majivuno. Ni ili siku nitakapoulizwa nilimshindaje Clifford Entwistle nisilazimike kubuni.

Hali ilivyo. Mwalimu Hester Lumb alifariki Februari. Alinifundisha fizikia. Kabla ya hapo, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na sina rafiki hata wa kusingizia, alinikalisha mbele ya kabati lake la mwaloni akaniambia nimpangie gia kwa idadi ya meno. Nilipanga kwa miaka saba. Droo kumi na mbili. Ndani mna mekano ya maisha yake yote, vipande vya kuundia mashine ndogondogo: vyuma vyenye matundu, ekseli, kapi za kuzungushia kamba, gia za shaba, vyote vimelala juu ya kitambaa cha kijani kama watoto wa kifalme. Droo ya tano hukwama. Lazima uisukume kwanza ndipo uivute. Hilo nalijua mimi.

Wosia ulisomwa tangu Machi. Kabati ni la atakayeshinda maonyesho ya mwaka huu ya Chama cha Mekano cha Cragley. Maonyesho ni Jumamosi hii, ukumbi wa kanisa.

Washindani saba. Watano hawana neno. Nuttall, kwa mfano, amejenga daraja ambalo hata njiwa angefikiri mara mbili. Anabaki Entwistle. Miaka sabini na minne, fundi mstaafu wa mabasi, ameshinda mara kumi na moja. Huniita "binti". Nina shahada mbili.

Kanuni zetu ni chache na hazina huruma. Mashine iende kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni bila kusimama. Ikisimama, umetoka. Chuma hakikatwi, hakikunjwi, hakitobolewi. Nati ziwe za shaba tupu, na mwamuzi, Bwana Sugden wa mji jirani, hupita na sumaku. Nati yako ikirukia sumaku, ni ya chuma, umetoka. Mwaka 2011 mtu mmoja alitumia klipu ya karatasi. Hatumtaji jina. Alihamia Wales.

Kura ni hivi: kila mwanachama, na tuko kumi na tisa, hupewa nati moja ya shaba. Anaitumbukiza katika kopo la kakao lililo mbele ya mashine aliyoipenda, isipokuwa yake mwenyewe. Mwenye nati nyingi ndiye mshindi. Wakilingana, anashinda aliyekaa chamani muda mrefu zaidi. Kanuni hii ya mwisho niliipendekeza mimi, mwaka juzi, ili kumlainisha Entwistle aniazime gia. Aliniazima, lakini kwa ukarimu wa kukera.

Jumatatu, 7 Oktoba

Wazo limenijia nikipiga mswaki!

Entwistle anajenga winchi ya bandari. Alitaja mwenyewe jana, mdomo umejaa keki, kwamba bado anahitaji nati mia sita. Kuagiza kwa posta huchukua siku kumi. Nati za shaba za haraka mji huu ziko mahali pamoja tu: sanduku la chama, analolilinda katibu wetu, Bi Maureen Duckworth.

Saa ya chakula cha mchana nilitoka kazini (nyaraka za manispaa hazina haraka, wengi waliotajwa humo wamekufa) nikazinunua zote. Nati elfu moja na mia moja. Bi Duckworth alibakiza kumi na tisa za kura, hizo hauzi hata umlilie. Akaniuliza nitazifanyia nini zote hizo. Nikamwambia ni mapenzi tu ya fani. Akanikabidhi mfuko kwa mikono miwili akasema mapenzi yana uzito, mpenzi, nisije nikaumia mgongo.

Nimezificha ndani ya kopo la biskuti za siagi, lile lenye picha ya paa dume mlimani. Liko kwenye kabati la jikoni, nyuma ya unga. Mama hajagusa unga tangu alipostaafu.

Entwistle atabaki na winchi ya kufungwa kwa kamba za viatu.

Jumanne, 8 Oktoba

Upelelezi. Umefanikiwa kwa kiasi.

Banda la Entwistle liko kwenye bustani za kukodi nyuma ya reli, kati ya kabichi za watu. Nilikwenda nimevaa koti la kijani ili nifanane na majani. Oktoba hii kabichi zote zimeshavunwa. Nilisimama katikati ya tope jeusi kama bendera.

Alikuwa anapima mlango wa banda kwa utepe. Anapima, anaandika, anatikisa kichwa, anapima tena. Kumbe winchi ni kubwa kiasi hicho! Nikainama nione vizuri. Nikateleza. Ndoo ikapiga kelele.

Hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Aliniambia niingie nikauke. Akanipa chai kwenye kikombe chenye nembo ya gereji ya mabasi, akanionyesha winchi. Sikutaka kuipenda. Ina mkono mrefu kama shingo ya twiga na minyororo miwili, na haijakamilika, kwa sababu, alisema huku akijikuna shingo, mwaka huu nati zimekuwa adimu kama jua. Nikasema, ajabu hiyo.

Jambo la kukumbuka: kila nati yake ina alama ya tupa, mkwaruzo mdogo ubavuni. Mazoea ya gereji, alieleza. Mafundi arobaini, kila mmoja na mkono mwepesi. Nati isiyo na alama haina mwenyewe.

Kisha akaanza habari za Mwalimu Lumb. Miaka arobaini alikuwa anakuja bandani kila Alhamisi, alisema, kumweleza alichokosea. Akaniongezea chai. Mimi nikatazama kikombe. Ni mbinu ya kunilainisha, bila shaka. Nimeondoka na boga kubwa alilonilazimisha kulichukua. Nimelibeba njia nzima kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo vita vya meza.

Entwistle hupewa meza ya katikati, chini ya taa, kila mwaka. Watu wote huilalamikia. Mimi sikulalamika, nilifikiri. Watu wa Cragley wanaweza kuishi bila taa. Bila chai hawapiti saa moja na nusu. Kwa hiyo meza bora ukumbini ni ile iliyo kando ya mlango wa jikoni, mbele ya birika kuu na meza ya vitafunio. Kila mpiga kura atapita hapo si chini ya mara nne. Nimechora hata grafu.

Nikampelekea Bi Duckworth keki ya tangawizi kama hongo. Akaila vipande viwili akinisikiliza, kisha akasema meza ile hakuna aliyewahi kuitaka tangu chama kianzishwe, ilikuwa yangu bure. Nikamwomba keki iliyobaki. Akacheka, akadhani natania.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ushindi! Bi Duckworth amepiga simu kuniuliza kama naweza kumwachia Clifford nati chache, maana maskini ameibomoa winchi yake yote. Nikasema ningependa sana, lakini zote zimeshapangiwa kazi.

Nimeimba ngazini. Mama akauliza kama jino limeanza tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mashine yangu iko tayari. Naieleza kwa ajili ya vizazi. Ni mashine ya kuchora. Gia thelathini na moja, mota moja, mkono mmoja unaoshika kalamu. Karatasi inazunguka, mkono unakwenda na kurudi, na kutokana na hesabu tupu linachanua ua ambalo hakuna bustani iliyowahi kuliotesha. Kila saa ua jipya. Mwalimu Lumb alikuwa akisema hesabu ni sala ya watu wasioweza kukaa kimya. Simaanishi kwamba ua la mwisho, la saa kumi kasoro, nimelikokotoa kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Lakini nimelikokotoa kwa tarehe yake ya kuzaliwa.

Viungo vinavyocheza vinatakiwa nati mbili kila kimoja, moja ikiikaba nyingine, la sivyo kiungo hulegea kwa mtikisiko. Kila mtoto wa mekano analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Viungo vyote nimevikaba isipokuwa kile cha tatu, cha mkono wa kalamu. Pale nimeweka nati moja, kwa kuwa zilizokuwa mezani zimeisha na kopo liko chini, nami nimeshavua viatu. Ya pili nitaiweka kesho asubuhi.

Mama aliniuliza jambo kuhusu kesho, wageni, meza ya chai, kila familia ilete kitu. Nikamwambia achukue chochote kabatini. Nilikuwa nahesabu meno.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika jioni.  Nitaeleza kwa utaratibu, kama shahidi.

Saa mbili asubuhi nilifungua kabati la jikoni. Unga upo. Kopo hakuna! Mama alikuwa ameshatoka na jirani kwenda kusaidia kupanga viti. Nikajiambia amelihamisha tu. Nikatafuta chini ya sinki, juu ya friji, ndani ya mashine ya kufulia. Teksi ikapiga honi. Nikaondoka na mashine mapajani na kiungo chenye nati moja, nikijipa moyo kwamba mtikisiko hutegemea meza, na meza yangu ni nzuri.

Meza yangu ina miguu mitatu inayogusa sakafu. Wa nne huigusa pale tu mlango wa jikoni unapofunguliwa na kuipiga meza.

Bwana Sugden alipita na sumaku saa nne kasorobo. Akaipitisha juu ya mashine yangu polepole kama mganga. Kimya. Shaba tupu. Akainamisha kichwa kwa heshima. Bi Duckworth akagawa nati za kura, akakuta ziko kumi na nane tu, moja imepotelea mfukoni mwa mtu. Entwistle akamwambia asihangaike, atatumia yake mwenyewe. Sikuwaza lolote. Nilikuwa natazama meza ya katikati.

Hakukuwa na winchi. Chini ya ile taa kubwa kulikuwa na kitu kidogo, hakizidi ukubwa wa kikapu cha mkate. Mkono wa vyuma, kikombe, kijiko. Nati thelathini pengine. Nikakaribia kucheka.

Saa nne kengele ikalia. Mashine zote zikaanza. Ua langu la kwanza likachanua, watu wakasogea, nikahesabu migongo. Kisha, kutoka katikati, mkono ule ukashusha kijiko kikombeni, ukakoroga mara tatu, ukakiinua, ukakigonga ukingoni. Ting, ting. Ukakilaza kando.

Wazee wote wakageuka kwa pamoja.

Mwalimu Lumb alikuwa akikoroga hivyo. Mara tatu, kisha ting, ting, kisha anakutazama juu ya miwani na unajua umekosea hesabu. Sikukumbuka kwamba nakumbuka. Nuttall akatoa leso. Watu wazima wanalia kwa sababu ya kijiko! Mimi nilipatwa na vumbi jichoni. Ukumbi ule una vumbi sana.

Kisha nikafanya hesabu, na hesabu haikunifurahisha. Kama angepata nati zake mia sita, angeleta winchi. Winchi tumeshaziona.

Kufikia saa sita grafu yangu ilithibitika kabisa. Kila mtu alipita kwangu. Kila aliyepita alisukuma mlango. Kila mlango uliposukumwa meza iliruka. Saa saba na dakika ishirini nati ya mkono wa kalamu ilijifungua, ikaanguka, ikabingirika chini ya radieta inayopasha ukumbi joto, ambako hakuna mkono wa binadamu uliowahi kufika na kurudi. Mkono ukaanza kuyumba. Ua likawa yai lililokaangwa.

Kuigusa mashine si kosa. Kuisimamisha ndiyo kosa. Nikashika kiungo kwa vidole viwili, mashine inaendelea, nami nakwenda nayo mbele na nyuma kama mtu anayemfunga vifungo mtoto anayekimbia, na kwa mdomo naomba nati. Nuttall hana. Mama Crabtree, aliyejenga bembea ya gurudumu, hana. Ukumbi mzima wa wajenzi wa mekano, watu wanaotembea na nati mifukoni kama wengine wanavyotembea na funguo, hakuna nati hata moja! Nikamuuliza Bi Duckworth kwa hasira chama gani hiki kisicho na akiba. Akaniambia aliuza zote Jumatatu, kwa mpenzi mmoja wa fani.

Hata Entwistle nilimwita. Alikuja akajipapasa mfuko kwa mfuko, hata soksi. Akasema, "Ningekuwa nayo ningekupa, binti. Zangu zote zimo ndani ya kile kijiko." Na nadhani alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Kulikuwa na pini ya nywele kichwani mwangu. Naandika hili ili ijulikane kwamba niliiona, nikaifikiria, nikaiacha. Nina mipaka. Tena Wales mvua ni nyingi zaidi.

Ndipo jicho langu likaangukia kopo langu la kakao.

Nati za kura ni za shaba. Nati za kura zilikuwa mle ndani, nane, nilikwisha kuchungulia. Nikajisemea ni mkopo. Nitairudisha kabla ya saa kumi. Nikatia mkono, nikachukua ya juu, nikaifunga huku nakimbizana na kiungo, vidole vimejaa mafuta, sikuitazama hata kidogo. Mkono ukatulia. Ua likarudi. Nilijihisi mwerevu kuliko nilivyowahi kujihisi maishani, na nimejihisi mwerevu mara nyingi.

Saa kumi kasoro dakika sita. Bi Duckworth alitangaza kwamba makopo yatakusanywa mara kengele itakapolia. Nikakumbuka mkopo.

Nikaitoa? Mkono utaanguka, kalamu itakwama, mashine itasimama. Nimetoka. Nikaiacha? Kopo lina saba. Nilikuwa nimechungulia kopo la Entwistle pia, katika safari ya kwenda msalani isiyopita njia hiyo. Saba. Na yeye yumo chamani tangu kabla sijazaliwa. Kanuni yangu mwenyewe!

Dakika sita nilisimama pale nikiitazama nati ileile inayonishindisha na kunishinda. Mbele yangu ua la mwisho lilikuwa linafungua petali zake, la tarehe ya kuzaliwa, halina kosa hata la unywele. Sikuweza kulikata. Sijui kwa nini naandika hili. Ni la kiufundi tu.

Kengele.

Entwistle saba, mimi saba, waliobaki wamegawana nne. Bi Duckworth alihesabu mara mbili akasema imepungua moja. Nikanyoosha mkono. Nikasema kura iliyopungua ni yangu, imo ndani ya mashine, kiungo cha tatu, yeyote aje aione. Bwana Sugden akaja, akaiona, akaipitishia sumaku kwa mazoea, akaniambia kwa upole wa daktari kwamba kura ni ile iliyomo koponi kengele ikilia. Iliyomo mashineni ni spea.

Kabati likatangazwa la Clifford Entwistle.

Hapo nilihutubia. Najua sasa haikuwa lazima. Nilipanda juu ya kiti. Nilisema chama kilichotimiza miaka sabini na mitano hakiwezi kukosa nati moja ya akiba, kwamba huu ni uzembe, kwamba kuna mtu anayehusika na uhaba huu na nataka atajwe hadharani, mbele ya wote, leo hii!

Ilikuwa saa ya biskuti. Nyuma yangu, hatua mbili kutoka meza yangu, mahali lilipokuwa tangu asubuhi, Bi Duckworth alifungua kifuniko cha kopo lenye picha ya paa dume.

 Kisha Nuttall akatia mkono, akaziacha zitiririke kati ya vidole kama mtama. Nati elfu moja na mia moja. Zilikuwa karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mguu ningezipiga teke.

Mama alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Ndiyo maana nikaona zito. Nikadhani siagi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Entwistle. Alicheka hadi akakaa. Wengine wakamfuata, ukumbi mzima, hata mchungaji. Nilishuka kwenye kiti. Mama akanipa chai, akanifuta mafuta shavuni kwa kidole alichokilowesha ulimi, mbele ya watu wote. Nina miaka ishirini na saba.

Jumapili, 13 Oktoba

Adhabu: kurudisha nati zote kwenye sanduku la chama, moja moja, nikizihesabu kwa sauti, Bi Duckworth akifuma soksi pembeni. Bila kurudishiwa pauni hata moja. Alisema tuiite mapenzi ya fani.

Asubuhi, kabla ya hapo, niliibomoa mashine. Nilipofika kiungo cha tatu nikaifungua ile nati, nikaipangusa, nikaipeleka dirishani.

Ina alama ya tupa ubavuni.

Nilikaa nayo kiganjani muda. Kanuni inakataza kujipigia. Lakini angeweza kumpa Nuttall na daraja lake, kama nilivyofanya mimi na yangu. Alijua nani anamkaribia. Kila mtu alijua. Akaja mezani kwangu, kwenye mlango ule, akatumbukiza.

Nimetafakari kwa kina. Jibu ni moja tu: alitaka kunilewesha kwa wema ili nisimtilie shaka. Mjanja sana.

Na ushahidi umekuja wenyewe, saa tisa mchana, kwa gari la mizigo. Entwistle mlangoni, kofia mkononi. Anasema kabati halipiti mlango wa banda, limezidi inchi mbili, na nyumbani kwake ngazi haziruhusu. Nikamkumbusha kwamba nilimwona akipima, Jumanne. Akakiri bila haya. Alipima mara tatu, alisema, akitumaini hesabu itabadilika, na haikubadilika. Kwa hiyo anaomba likae kwetu, sebuleni, kama hatujali, naye awe anakuja Alhamisi kulipangapanga pamoja nami. Macho yake siku hizi hayahesabu vizuri meno ya gia ndogo. Mama alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Likaingizwa. Sasa liko ukutani, palipokuwa na kochi. Chumba kizima kinanuka mwaloni na mafuta ya mashine. Entwistle akavuta droo ya tano. Ikakwama. Akavuta tena. Nikamwambia, bila kupenda, isukume kwanza. Akaisukuma, ikatoka kama siagi. Akasema, "Miaka arobaini hakuniambia hilo." Mama akaleta chai. Entwistle akakoroga mara tatu, ting, ting, akalaza kijiko, na sote watatu tukalitazama kabati.

Kisha akaenda zake. Ameacha boga jingine.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Adui amepata njia ya kuingia sebuleni kwangu kila Alhamisi, atakula keki yangu na kuona mipango yangu yote ya mwaka kesho. Vizuri. Mimi pia nitaiona yake. Nimeshampangia kiti, kile kilicho karibu na moto, kwa sababu za upelelezi. Na mto wa mgongo.

Mwaka kesho, ametaja mwenyewe, mdomo umejaa keki, anafikiria saa ya mnara. Saa ya mnara inakula ekseli ndefu zisizopungua arobaini.

Jioni hii, nilipomaliza kuhesabu nati, Bi Duckworth alikwenda kuweka birika. Sanduku la ekseli lilikuwa wazi. Nikaacha pesa mezani na kuzichukua zote. Hakuna aliyeniona. Kopo la zamani limebaki chamani kama kielelezo, basi nikapitia dukani nikanunua jipya, lenye picha ya mbwa wa kondoo, nikazitia humo, nikaliweka nyuma ya unga.

Nani atalishuku kopo la biskuti mara ya pili?